Oke Lisilo na Baba

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu, kitindamimba, siku hizi ana neno moja tu: oke. Umekula? Oke. Kichwa je? Oke — na huku kashika paji la uso! Kazi yake ni kukagua mashati kiwandani. Lililo zima analibandika kikaratasi cha OK. Sasa na mimi ananibandika. Leo kanipa sindano nimtungie uzi. Mimi, ajuza wa miaka sabini na moja! Nimetunga. Lakini nimeliweka moyoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwendea jirani, mwalimu mstaafu. Hili oke la Kizungu limetoka wapi? Akasema, Bibi, hata wenyewe hawakubaliani. Wengi husema ni utani wa watu wa magazeti zamani, walifupisha "yote sahihi" ya Kizungu kwa herufi za makosa, makusudi! Fundi redio aliyekuwa kibarazani kwake akadakia: wapi, ni la askari hilo, O ni sifuri, K ni kuuawa kwa Kizungu, yaani hakuna aliyeuawa. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Na maana yake? Sawa. Ndiyo. Sijambo. Basi. Niache. Yote hayo herufi mbili! Limezaliwa kwa kosa, baba hajulikani, na humo ndimo mwanangu anajificha. Mtu wa hivyo simwamini, sembuse neno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtega. Mungu anisamehe. Nimeshona blauzi, mkono mmoja nimeugeuza ndani nje, vifungo viwili sikuweka. Nikampa aikague. Kaipeleka dirishani, kaisogeza mpaka puani.

Oke, mama. Imetoka vizuri.

Nimeingia bafuni nikalia. Macho! Kumbe ni macho. Na mkaguzi asiyeona nani atamweka kazini? Nimechambua maharage mwenyewe, jiwe kwa jiwe.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi wake yuko sebuleni. Kaja na shati, kola imeshonwa kichwa chini, na kikaratasi cha OK juu yake. Shikamoo tele, tabasamu la kuazima. Eti alikuwa anapita tu. Nani anapita na shati mkononi! Kanisogelea: mama, huyu binti anaona vizuri kweli? Nikasema subiri, naleta chai.

Naandika nimesimama jikoni. Binti kanifuata, kasikia yote, ananong'ona: mama, mwambie niko oke.

Nimemuuliza, hivi vidole vingapi?

Kakodoa. Kafikiri. Vitatu, mama.

Sikuinua hata kimoja.

Msimamizi anakohoa kule —