Wigi Isiyo na cha Kung'ata

Jumapili, 9 Novemba

Jana Sabato, siandiki, ndiyo maana leo kifua kimejaa. Barua ya bima ilifika Ijumaa. Wamekataa tena! Mara ya kwanza walisema wigi ni urembo. Safari hii eti mteja huvaa wigi kwa desturi ya dini yake, kwa hiyo angenunua hata bila ugonjwa. Ala! Kweli, hapa Borough Park, mtaa wetu wa Wayahudi New York, mwanamke aliyeolewa hafunui nywele. Lakini wigi zetu zina vichana ndani, vinang'ata nywele ndipo wigi ikae. Nywele zangu zimenyonyoka zote tangu Pasaka. Ving'ate nini, mfupa?

Ninayotaka ni ile ya wagonjwa, inayong'ang'ania ngozi. Harusi ya binti yangu Raizy ni tarehe tisa Desemba. Mama wa bibi harusi huvutwa katikati ya duara la wanawake, akazungushwa mpaka apate kizunguzungu. Wigi itaruka mbele ya watu mia tatu! Wakwe wakijua kuna ugonjwa kwenye ukoo — Mungu apishe mbali. Raizy mwenyewe hajui. Nyumbani sivui kitambaa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepiga simu bima. Kapokea dada mmoja, Darlene, mpole. Kasema imebaki rufaa ya mwisho, kwa video. Ila daktari wao lazima akione kichwa. Nikauliza, mwanamume? Ndiyo, mama, mwanamume. Nimekata simu bila kuaga. Sina adabu siku hizi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemtuma Hershy kwa rabi. Mume wangu hajui kudanganya, maskini. Alipanga kusema anaulizia rafiki yake. Nikamwambia, rafiki gani wa kiume anavaa wigi? Kanuna, kaenda hivyo hivyo. Rabi kasema kwa ugonjwa inaruhusiwa, ni sawa na hospitali. Halafu akamsindikiza hadi mlangoni: "Msalimie mkeo."

Jamani, Hershy!

Ijumaa, 14 Novemba

Mikate ya Sabato imeungua. Akili yangu iko kwenye rufaa ya Jumatatu. Raizy katoka kupimwa wigi yake ya ndoa kwa Bi. Blimi, macho mekundu. Nikamwuliza, imekubana? Kasema amechoka tu. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, supu bado. Sikumfuatilia.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimejifungia chumbani. Nilidhani nimejifungia. Kwenye kompyuta Darlene, na daktari mwenye miwani. Nikaeleza habari ya vichana. Daktari kasema mbona anaona imekaa vizuri tu. Nikamjibu, imekaa kwa sababu na mimi nimekaa! Harusini sitakalia kiti.

"Basi tuonyeshe."

Tuonyeshe! Miaka arobaini na sita, mbele ya mwanamume nisiyemjua. Kucheza sikucheza. Nilisimama, nikainama, nikazunguka mara mbili, haraka. Ikachomoka. Kichwa wazi, baridi, na yule bwana anaandika. Nikageuka kuiokota. Ilikuwa imetua miguuni pa Raizy, mlangoni.

Wameomba dakika tano, wamezima kamera, wanajadiliana. Naandika huku nikiwangoja.

Raizy hakupiga kelele. Ameokota wigi, ameketi kitandani, ameipakata. Nimemweleza yote mbiombio. Nimemsihi asimwambie mchumba wake, wala mtu yeyote, mpaka harusi ipite. Nimeona haya kumfundisha mwanangu kuficha. Ananitazama kichwa, si kwa kinyaa — kama mtu anayetafuta kitu.

Sasa anafungua nywele zake. Mbona anafungua nywele?

Ameinama, ametenga nywele kisogoni. Duara lisilo na unywele. Jeupe, laini, kama sarafu.

"Bi. Blimi aliliona Ijumaa," kasema. "Ameapa hatasema. Nilikuwa nakuficha wewe, Mama, usije ukapata presha kabla ya harusi." Kisha, polepole: "Na lako lilianza hivi?"

Lilianza hivi. Pale pale, kisogoni. Ee Mungu, pale pale!

Darlene amerudi. "Mama, upo? Tumeshaamua." Anaita tena. Daktari naye anakohoa. Wiki nzima sikulala kwa ajili ya neno hilo moja, na sasa siwezi kugeuza shingo. Raizy bado ameinama, anangoja jibu. Naweka kalamu, nimshike mwanangu kichwa —