Nani Asimame Mstarini

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika uwanjani nikakuta koni zimeshapangwa. Nani kazipanga? Kocha ni mimi, na koni napanga mwenyewe kila siku, hata kukinyesha. Mtunza vifaa anasema hajui, alipofika alizikuta. Muongo! Alikuwa anajaza mpira upepo huku macho yote yako kwenye pampu.

Halafu akatokea shemeji, filimbi shingoni. Mume wa dada! Walifika kwangu jana na mabegi mawili. Tumewapa chumba cha watoto, watoto wamehamia sebuleni. Timu aliyokuwa anaifundisha ilimtimua mwezi uliopita, nikasema maskini, kaja kupumzisha akili. Sasa yuko uwanjani kwangu na filimbi.

Anasema mwenyekiti wa klabu kamwomba aje. Nikasema karibu, shemeji. Ningesema nini? Nimuulize mgeni wangu mbele ya wachezaji, umekuja kama nani? Haiulizwi hiyo. Nikampa maji ya kunywa.

Mwenyekiti simu haipatikani. Karani wake anasema kasafiri. Wapi? Kasafiri tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefikiria. Mbona rahisi — shemeji kaletwa awe msaidizi wangu! Naomba msaidizi tangu msimu uanze. Mwenyekiti ni mtu wa kushtukiza watu, hakuniambia tu. Roho imetulia.

Kwa hiyo leo nimemtendea vizuri. Kujishusha chini ya mtu uliyecheza naye si mchezo. Tulikuwa wote klabu hii hii, yeye golini, wakimwita Ukuta, mimi mbele, wakiniita Msumari. Kila mazoezi nilimfunga, na kila mazoezi alisema nimeotea. Mpaka goti langu likakataa, nikaanza kufundisha: watoto wa shule, timu za vijana, kozi juu ya kozi, halafu hapa. Yeye akaenda mbali kufundisha huko. Katikati ya hayo akamwoa dada, nikalazimika kumheshimu.

Nikamshika bega, nikamwambia usijali, shemeji, polepole utazoea. Akanitazama kwa huruma. Huruma! Akasema mimi ndiye nisijali.

Sijaelewa.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi yamekuwa vituko. Mimi nataka mabeki wa pembeni wapande. Yeye, kipa bwana, akiona nafasi wazi anaumwa — anataka watu watano nyuma. Mimi nikisema pandeni, yeye anasema rudini, tena kwa upole, kama mtu anayenisaidia. Na mimi kwa adabu simkatalii. Beki wa kulia kakimbia mpaka katikati, kasimama hapo mikono kiunoni, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Nahodha kaja pembeni. "Kocha, samahani. Tumsikilize nani?"

Nikasema tusikilizeni wote. Jibu la kipumbavu, na nimelitoa mimi.

Jumapili tukifungwa tunashuka daraja. Sare inatosha. Sare tu! Klabu iliyonilea, leo nishuke nayo mimi? Na badala ya kufikiria hilo, niko hapa nagawana filimbi na mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu kaja na jembe lake kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani.

Leo dada alikuwa uani anaanua nguo, nikamsaidia. Akasema, kaka, namshukuru Mungu mmepatana, maana mume wangu alikuwa hana raha, alijua utachukia. Nikauliza nichukie nini.

"Si kushushwa? Lakini kakuombea kwa mwenyekiti, ubaki uwe msaidizi wake. Kwani hukuambiwa?"

Nilikuwa nimeshika shati la shemeji. Nimelikunja, nimelikunjua, nimelikunja tena.

Kwa hiyo wiki nzima mimi namwonea huruma yeye, na yeye ananionea huruma mimi! Tunakaa meza moja, tunasogezeana bakuli la mchuzi, kila mmoja anamfariji mwenzake kwa sababu ya kuwa chini yake. Nikacheka peke yangu hapo uani, dada akadhani naumwa.

Mke wangu anasema muulize. Yuko chumba cha pili, hayuko nchi ya pili. Rahisi kwake kusema! Nikimuuliza na ikawa kweli mkubwa ni yeye, basi nimefukuzwa kazi nikiwa sebuleni kwangu, na aliyenirithi analala kitanda cha wanangu. Ikiwa si kweli, nimemwaibisha mbele ya mkewe, na mkewe ni dada yangu. Jioni nimemwona anawadakia watoto mpira wa soksi, anajirusha kwenye makochi, wanapiga kelele kwa raha. Nampenda mtu huyu. Na nataka aondoke. Yote mawili ni kweli, na yananichosha.

Jumamosi, 9 Machi

Mwenyekiti bado. Mazoezi mepesi.

Tumepanga kikosi. Tumepanga viwili! Tofauti ni mtu mmoja: mimi straika wa pili, yeye beki wa tano. Nimekubali chake. Kwa nini nimekubali? Kwa sababu kaniuliza, "Unaonaje, shemeji?" — na nikiulizwa hivyo nasema sawa tu. Sijielewi.

Jumapili, 10 Machi

Niandike yote kabla sijasahau yalivyofuatana.

Mwamuzi wa akiba alituonya mapema: mstarini anasimama kocha mmoja kwa wakati, mwingine akae benchi. Simama wewe, shemeji. Hapana, simama wewe. Tukawa tunapokezana, huyu akikaa, huyu anainuka. Kipindi cha kwanza kikapita bila bao. Lazima niseme ukweli: wale watu watano nyuma walifanya kazi. Inaniuma, lakini walifanya kazi.

Kipindi cha pili, kona yao, kichwa — tumefungwa, moja bila. Nikaruka kuomba mabadiliko. Naye karuka. Mwamuzi wa akiba akaja na kibao cha mabadiliko, akauliza anatoka nani. Mimi nikasema namba tano, yule beki wake. Yeye akasema namba kumi, mshambuliaji wangu. Kwa pamoja! Mwamuzi akashusha kibao.

"Kocha ni nani hapa?"

Mtu jukwaani akapaza sauti kwamba tupige kura. Jukwaa zima likacheka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Na hapo hapo mvua. Mvua gani ile! Mpira ukipigwa unakwama kwenye dimbwi. Mwamuzi akasubiri, akasubiri, akavunja. Dakika zilizobaki zitachezwa kesho asubuhi, bao linabaki palepale. Kamisaa wa mchezo akatuita wote wawili, akasema kesho anataka jina la kocha mmoja. Mwingine apande jukwaani na watazamaji.

Jioni hii simu ya mwenyekiti imeita. Imepokelewa! Sikumsalimia hata. Nikamuuliza kocha ni nani. Akakohoa kidogo. Anasema alishindwa kumfukuza Msumari na mabao yake yote, na alishindwa kumkatalia Ukuta aliyekuja kumlilia shida. Kwa hiyo akatupa kazi sote wawili, akazima simu.

"Nyie si ndugu? Nilijua mtaelewana wenyewe."

Mtu mzima yule! Na suti yake.

Nikatoka barazani. Shemeji alikuwa amekaa, viatu vyetu vimesimamishwa ukutani vinachuruzika maji. Nikamweleza yote, bila kuficha. Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaangalia barabarani.

"Kesho simama wewe, shemeji. Mimi nitapanda jukwaani."

Sasa hapo ndipo nimechanganyikiwa kabisa. Ananipa heshima yangu? Au ananipa maiti nizike? Tuko nyuma bao moja, imebaki kama robo saa. Atakayesimama kesho ndiye watakayemtaja siku zote, kwamba klabu ilishuka mikononi mwake. Nimemtazama usoni nijue. Uso wa kipa kabla ya penalti — hausemi kitu. Labda na yeye hajui. Na kibaya zaidi ni hiki: moyo wangu umeruka kwa furaha. Naitaka! Hata kama ni maiti, naitaka mimi.

Nikamwambia ngoja nikaweke simu chaji. Simu ina chaji tele. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani, naandika. Namsikia kupitia dirishani. Dada anamwambia aingie ndani, baridi. Anasema bado, "namsubiri kaka yako."

Ameshakohoa mara mbili.

Na mimi hapa, jibu sijampa, mkono umeshaanza kupanga. Straika wa pili aingie. Namba tano atoke. Mabeki wote wapande, robo saa ni ndogo, pandeni tu — halafu wakitupiga mpira mmoja mrefu, nani yuko nyuma?

Hilo ningemuuliza yeye.