Kiti cha Mgeni

Jumatatu, 1 Julai

Kilambo asubuhi, Mahurunga mchana. Kazi ileile ya mratibu. Kuwaeleza wanachama namna ya kuchagua bodi: nani anapiga kura, nani anaruhusiwa kugombea, mkutano mkuu ni lini. Nimerudia maneno yaleyale hadi nimejichoka mwenyewe. Kilambo mzee mmoja ameuliza swali moja tu. Chakula kitakuwepo? Nikamwambia pilau. Akasema basi tutachagua vizuri. Nimecheka, halafu nikakasirika, maana hivyo hivyo ndivyo bodi tuliyonayo ilivyoingia. Kwa pilau.

Chama cha kulinda mikoko, na wajumbe wote wa bodi wanakaa mjini. Wengi Shangani. Mkoko wanauona kwenye kalenda ya chama. Mwaka huu sisi wachache ofisini tumesema liwalo na liwe, watu wa vijijini waingie. Tuna wagombea wawili. Mfaume wa Msimbati, mvuvi, mbishi, hanyamazi hata akilipwa. Na Bi. Fatu wa Mahurunga.

Bi. Fatu ni somo wangu. Naandika hapa kwa sababu ofisini sijamwambia mtu. Nilizaliwa Mahurunga, na yeye ndiye aliyenishika unyagoni, akanifunda, akanitoa. Hili jina la Zuhura alinipa yeye siku natoka. La utotoni lilibaki huko huko, na atakayeniita kwalo leo atanijua mimi ni nani.

Alhamisi, 4 Julai

Tausi wa uhasibu ndiye mwenzangu katika hili jambo la wagombea. Leo ameniuliza mbona Bi. Fatu nampigia debe kuliko Mfaume. Nikamjibu kwa ukali usio na sababu. Nimlaumu nani sasa, yeye au mimi.

Jambo lenyewe si dogo. Mwezi huu huu bodi mpya itaamua kuhusu hori la Mahurunga, ule mkono wa bahari wenye mikoko. Upo mradi wa hewa ya ukaa. Mikoko ikiachwa isiguswe, chama kitalipwa. Wapo wanaoona ni heri hori lote lifungwe, asiingie mtu. Wanawake wa Mahurunga wanaokota chaza na kaa mle tangu bibi zao. Mkoko wenyewe hawaukati, wanapita chini yake tu. Lakini hakuna hata mmoja wao mezani wa kulisema hilo. Bi. Fatu akipata kiti, atalisema.

Katiba ya chama inasema mtumishi mwenye ukaribu na mgombea aseme mapema. Nimeisoma tena. Nimejiambia somo si ndugu. Damu hatuna. Maneno ya mwanasheria wa kichochoroni.

Ukweli ni huu. Naona haya. Nisimame mbele ya Mkurugenzi na wale wageni wa mradi kutoka Dar na kompyuta zao, niseme huyu mama ndiye aliyenicheza unyago? Wataniangalia vile wanavyoangaliaga. Miaka yote nimejenga sura ya Madam Zuhura. Sitaki iharibike kwa sentensi moja.

Jumapili, 7 Julai

Sikukuu. Mahurunga. Bamvua, maji yametoka mbali, wanawake wote horini. Nilikwenda nao. Nimezama tope mpaka magotini na nimefurahi kama mtoto.

Kisha nyumbani kwa Somo. Niliingia kwa mlango wa uani kama kawaida yangu, nikachota maji mtungini kwa kata, nikanywa nimesimama, akanigombeza kama kawaida yake. Mwali gani anakunywa kama punda? Nikajilaza mkekani. Akanipa gando la kaa, lile kubwa, huwa ananiwekea mimi. Wajukuu zake wananiangalia kwa kijicho.

Ana khanga mpya ya siku ya mkutano. Kaivaa, kavua, kaivaa tena, kaniuliza kama inamnenepesha. Hotuba anaifanyia mazoezi mbele ya kuku. Anakitaka kile kiti. Sikujua anakitaka hivyo. Ameniambia akiingia bodi atakwenda na viatu vya kisigino. Akaa! Nimecheka mpaka machozi.

Halafu nikaharibu. Nikamwambia, Somo, siku ile usitaje kuwa mimi ni mwali wako.

Akasema, kwani tuliiba?

Nikasema hatukuiba, ni taratibu tu za ofisi. Akaendelea kuvunja kaa. Kisha akasema, haya. Haya yake ilikuwa fupi. Nimeisikia njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 10 Julai

Maneno yameanza. Eti wanavijiji wanataka kuingia bodi ili wauze mikoko kwa wachoma mkaa. Najua yanakotoka. Mwenyekiti anayemaliza muda anagombea tena, na watu wake wana midomo.

Ameniita mwenyewe. Mtaratibu, mpole, nilipewa na chai. Akasema, Zuhura, nasikia una mtu wako. Nikacheka lile cheko langu la ofisini. Nikasema mtu wangu ni kila mwanachama. Akasema vizuri.

Mkataba wangu unaisha Septemba. Hakuutaja. Sikuutaja. Ulikuwepo pale mezani na ile chai.

Ijumaa, 12 Julai

Kesho ndio mkutano. Nimepiga pasi gauni lilelile mara mbili. Nimeomba dua kwa ajili ya Somo ashinde. Kwa ajili yangu sikuomba kitu, na huenda ndiko nilikokosea.

Jumamosi, 13 Julai

Nitaandika yote. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kuyapunguza.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wa Mahurunga walikuja na lori, wakaketi upande wao, khanga zao, vikapu vyao. Bi. Fatu safu ya mbele, na viatu vya kisigino kweli. Aliazima kwa mkwewe.

Mfaume alitangulia, akagombana na kipaza sauti, watu wakampenda. Halafu Somo. Alizungumza vizuri, jamani. Aliuliza: hori likifungwa, chama kitalipwa hela ya hewa, na sisi tutakula hiyo hewa? Ukumbi ulicheka wote, hadi wageni wa Dar. Nikamwona Mwenyekiti anakunja uso. Nikajua tumeshinda.

Ndipo akasimama bwana mmoja wa upande wa Mwenyekiti. Akasema Mratibu na huyu mgombea ni watu wa karibu, chama kina haki ya kujua. Mwenyekiti akanigeukia. Zuhura, simama. Bi. Fatu unamfahamu vipi?

Nikapewa kipaza sauti. Mkurugenzi ananitazama. Wageni wananitazama. Nikasema: "Simfahamu nje ya kazi. Kwangu ni mwanachama kama wengine."

Sauti ilitoka safi. Haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linanitesa. Mtu akidanganya kwa kuogopa si ainame basi, si akohoe. Mimi nilitamka kama ninayesoma taarifa ya habari.

Mwenyekiti akamuuliza na yeye. Somo akainuka polepole, akaikaza khanga. Akanitazama kidogo tu. Akasema, "Kama amesema hanijui, basi hanijui." Akaketi.

Angeweza kuniumbua. Neno moja tu. Nusu ya ukumbi walikuwa mashahidi.

Upande wa Mahurunga ukaanza kunong'ona. Akasimama Bi. Mwanaidi, jirani yake Somo. Siku natoka unyagoni yeye ndiye aliyepiga ngoma. Akasema kwa sauti, tumepanda lori tangu alfajiri kuja kukanwa? Twendeni zetu. Wakainuka wote. Somo akawageukia, akawapigia kelele: kaeni, kura kwanza! Kaeni! Hawakukaa. Nilimwona anahesabu migongo yao inavyotoka mlangoni. Alisahau mazoezi yote ya kusimama wima. Kisigino kimoja kilipinda.

Pilau ilipelekwa hadi kwenye lori. Ikarudi. Mzee wa Kilambo alikula sahani mbili.

Kura: Mfaume kapita. Bi. Fatu hakupita. Aliyempita kamzidi kwa kura chache, na wale wa kwenye lori peke yao wangetosha na kuzidi. Nilisimama pale nasaidia kutangaza matokeo. Nimelitaja jina lake kwenye kipaza sauti, na baada yake neno hakupita.

Nilijifungia chooni mpaka niliposikia lori linaondoka.

Jumapili, 14 Julai

Sikutoka ndani. Nimepiga simu kwake. Haikupokelewa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo kwa watu kama mimi: mkataa kwao mtumwa. Nilikuwa nadhani anawasema wengine.

Jumanne, 16 Julai

Tausi amejua. Mjini hakuna siri. Hakunigombeza. Alifunga mlango wa ofisi, akaniuliza, sasa ulikuwa unaficha nini? Unyago wamechezwa hata mama zao hao wakubwa wa Shangani, akasema, tena kwa tarumbeta.

Mchana Mwenyekiti akapita mezani kwangu. Amechangamka, kashinda. Akasema amesikia habari za yule mama na mimi. Nikasubiri kufukuzwa. Akasema, ungesema tu, Bi. Zuhura. Ungekaa nje wakati wa kuhesabu, basi. Ndiyo taratibu. Akasema na yeye mgombea mmoja alikuwa shemeji yake, walishaandika mapema.

Basi. Ndiyo taratibu.

Kwa hiyo sikumkana kwa kulinda kazi. Kazi haikuwa hatarini. Nilimkana kwa sababu ya tope la miguuni. Hakuna aliyenishurutisha. Mpumbavu mimi. Mshamba mimi, tena mshamba wa kweli ni huyu anayeogopa kuonekana mshamba.

Jumapili, 21 Julai

Nimepiga simu tena. Amepokea mjukuu. Akasema bibi yupo shamba, wanapuliza mikorosho dawa. Nyuma yake nilimsikia Somo mwenyewe anafukuza kuku.

Alhamisi, 25 Julai

Bodi mpya imekaa. Mimi nilikuwepo kuandika yanayosemwa. Hori la Mahurunga limejadiliwa kabla ya chai. Mfaume alibisha, akapiga meza, akasema wanawake wale wanaingia kwa miguu, mti hawaugusi. Mjumbe mmoja akamuuliza, wewe unavua Msimbati, ya Mahurunga unayajulia wapi? Mfaume akanitazama mimi. Alikuwa ananiomba niseme. Mimi niliyezaliwa pale.

Mtumishi haruhusiwi kuchangia mpaka aulizwe. Nilinyoosha mkono hata hivyo. Safari hii niliunyoosha, niandike na hili, na sitaki sifa. Nikasema nimezaliwa Mahurunga, Bi. Fatu ni somo wangu, na hori hilo nimelipita tangu mdogo. Mwenyekiti akasema asante, lakini bodi inapokea maoni kwa njia ya wajumbe. Wakaendelea. Limefungwa. Kila mjumbe alinyoosha mkono kukubali isipokuwa Mfaume.

Nje akaniambia, dada, hayo maneno yalikuwa ya tarehe kumi na tatu.

Jumapili, 28 Julai

Nimekwenda Mahurunga.

Nilipita njia ya uani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mchana kweupe. Nikazunguka mbele, nikapiga hodi, mara ya kwanza tangu nimezaliwa kupiga hodi nyumba ile.

Akatoka mwenyewe. Nikasema shikamoo, Somo. Akasema marahaba, Bi. Mratibu, karibu sana. Hana hasira usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa makofi.

Akatoa kiti cha plastiki, akakipangusa kwa pindo la khanga, ile ile mpya. Akanikaribisha. Wajukuu wakaitwa waje wamwamkie mgeni. Wakaamkia, wakakimbia. Maji yakaja kwenye glasi, juu ya sahani, yamefunikwa. Yeye akaketi kizingitini, akakunja mikono, akaniuliza habari za mjini. Akaniuliza kama njia ni nzuri.

Nikamwambia kuhusu hori. Akasema tumesikia. Nikamwambia nilisema, mbele ya bodi, nilisema wewe ni nani kwangu. Akasema ahsante, umefanya vizuri.

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti. Nikasema nisamehe, Somo. Akaniinua kwa mikono miwili, akanirudisha kitini, akakipangusa tena nisichafuke. Akasema, "Mgeni hana kosa."

Nikanywa maji yote. Nikaona mtungi palepale, na kata juu yake. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani.

Akanifungia korosho kwenye mfuko, akanisindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa afisa. Tulisimama tukisubiri usafiri. Akazungumzia jua. Jina langu hakulitaja hata mara moja, mwanzo hadi mwisho.

Bodaboda ilipofika akashika mkono wangu, akautikisa vizuri. Akasema, "Ukija tena utupigie simu mapema, tujiandae."

Nikasema sawa.