Mafuta ya Nguruwe Kwenye Fimbo ya Maiki

Jumatatu, 14 Julai

Nimelisha nguruwe. Nimechambua maharage. Baridi ya Igowole leo ina meno.

Neema kaja jana kutoka Mbeya. Mjukuu wangu, huyu huyu aliyenifundisha herufi akiwa darasa la pili, akinichapa vidole na kijiti nikikosea. Shule mimi sijaiona. Mwalimu wangu ni yeye.

Kazi yake ni kunasa sauti kwa watu wa filamu. Kaja na fimbo ya maiki, nyeusi, nyepesi kama mwanzi mkavu. Vipande vinaingiana, kimoja ndani ya kingine, na kila kiungo kina pete ya kukazia. Maiki inakaa nchani. Ukivuta inarefuka mpaka inapita vichwa vya watu. Sasa haitaki. Walikuwa Chunya kwenye machimbo, vumbi likaingia. Ukiivuta ngumu, ukiigeuza inalia kriii, na maiki inasikia kila kitu.

Bosi wake, Ambakisye, kamwambia: Ijumaa tunarekodi Kalenga. Fimbo ikilia tena, ataishika mtu mwingine. Neema ananisimulia huku anacheka. Macho hayacheki.

Jumanne, 15 Julai

Neema kaenda Mafinga kutafuta spiriti ya kusafishia. Kaniambia, "Bibi, usiiguse."

Nimeigusa.

Mlango wangu haulii. Baiskeli ya marehemu mume wangu haikuwahi kulia. Dawa ni moja, mafuta ya nguruwe. Nimeyayeyusha, nimepaka kila kiungo, nimevuta, nimerudisha, nimevuta. Ikateleza kama kambale. Nikaimba kabisa. Nimeisukuma yote ndani ikawa fupi, nimeiweka stoo juu ya magunia ya mahindi.

Neema karudi jioni, kachoka. Sijamwambia. Nataka afurahi asubuhi.

Jumatano, 16 Julai

Mimi ni mjinga.

Baridi imegandisha mafuta. Yameshikana na vumbi la Chunya, fimbo imekuwa gogo. Neema kavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kanusa vidole. Kaniangalia. Nikamwambia nilichofanya. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaenda kukaa nyuma ya banda la nguruwe.

Nikamwita Aloyce, fundi baiskeli wa njia panda. Kaja na koleo kubwa. Neema karuka kama paka.

"Baba Aloyce, weka chini! Hii si chuma, ukiibana inapasuka!"

Aloyce kasema basi tuipitishe motoni kidogo. Nikamfukuza. Kaondoka ananisimanga: "Mama, nguruwe ni wa sufuria, si wa mitambo!" Kasema kweli. Lakini aende zake.

Jioni nimemwita Neema, "Mke mwenzangu, njoo ule." Huo ndio utani wetu tangu ana miaka mitatu. Hajaitika. Ugali umepoa.

Nina hofu. Hii kazi kaitafuta kwa machozi. Mimi nimeiharibu kwa kikaango.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechukua simu ya Neema, nimempigia huyo Ambakisye mwenyewe. Salamu fupi. Nikamwambia: mimi ni bibi yake Neema, fimbo yako nimeipaka mafuta ya nguruwe, mtoto hana kosa.

Akauliza: "Bibi... ya nguruwe?"

"Ya nguruwe."

"Mimi nitaisikiliza kesho, bibi." Akakata. Hajatukana. Hajasamehe.

Neema alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kaja kukaa karibu yangu jikoni. Kasema mafuta yanataka joto, ila moto hapana, maji yanayochemka hapana, gundi ya viungoni itaachia. Nikamwambia mimi nimewakanda wazazi wa kijiji hiki, mama yako nilimkanda ulipozaliwa wewe. Kitambaa, maji ya moto, kamua mpaka kisidondoke.

Tukaikanda fimbo kama mzazi. Kiungo kwa kiungo. Kitambaa kikipoa, kingine. Neema anapima joto kwa shavu lake.

Halafu kaniambia, "Bibi, shika huko. Kama blanketi."

Mablanketi tunayakamua wawili mtoni, huyu anasokota huku, yule kule. Ndivyo tulivyofanya. Polepole. Pete ya kwanza ikaachia. Ya pili ikalia vibaya, nikafumba macho nikijua imepasuka. Haikupasuka. Ya mwisho, ile nyembamba, ikagoma. Neema akaanza kulia. Nikamwambia lia, lakini sokota.

Ikatoka.

Uchafu uliotoka ndani mweusi, mzito kama uji wa ulezi. Tumefuta kwa kitambaa cha sabuni, tumekausha, kapitisha spiriti. Mafuta hakuna, kasema. Inafanya kazi ikiwa kavu. Sasa najua.

Hapa ndani hailii. Lakini pete ya mwisho bado nzito kidogo, hakunificha. Kapanda gari la Iringa. Kanikumbatia kwa nguvu. Mke mwenza hakuniita.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelisha nguruwe. Sijawatazama usoni.

Simu iko kifuani tangu alfajiri. Haijaita. Kalenga sasa hivi wanarekodi. Nimeunguza maharage. Aloyce kapita kuuliza, nikamwambia uliza kesho.

Haijaita.

Jumamosi, 19 Julai

Neema kapiga nikiwa naota jua. Kasema, "Bibi, nyamaza, sikiliza." Kanichezea walichorekodi.

Mzee mmoja anaeleza kwa Kihehe jinsi baba yake alivyogema ulanzi, pombe ya mianzi. Namsikia anavyovuta pumzi. Namsikia kuku, mbali. Neema ananinong'oneza: hapa mzee anainuka, anatembea kwenda kwenye mianzi yake, na fimbo inamfuata juu ya kichwa. Nikabana simu sikioni.

Miguu ya mzee kwenye majani makavu. Basi.

"Umesikia nini, mke mwenza?"

"Sijasikia kitu."

Kacheka. Hiki sasa ndicho kicheko chake. Ambakisye kamwambia Jumatatu wanakwenda kurekodi mahali pengine, na fimbo abebe Neema mwenyewe.

Mafuta yaliyobaki nimepaka visigino. Jua limeshafika kwenye banda. Maharage nimeloweka mengine.