Bahasha Bado Ina Jina Lake

Mshauri wangu wa ukurasa wa nyuma, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu za mama. Naomba unisaidie maana nimefika mahali hata sala inanikwama. Mimi ni mshona mapazia, mume wangu alikuwa fundi saa, alifariki miaka mitatu iliyopita na jarida lenu la mji bado linakuja kila mwezi kwa jina lake, nami sikuwaambia, kwa sababu hiyo bahasha ndiyo kitu pekee kilichobaki duniani kinachomwita kama vile yuko chumbani anavaa viatu.

Enzi zake alikuwa ananisomea kwa sauti huku mimi napiga pasi, ananisomea habari za mitaa, maonyesho ya picha, mchezo mpya wa ukumbini, hata matangazo ya vitanda, na akifika patamu anafunga jarida, anasema, "Mke wangu, nimalizie au kwanza chai?" Mwisho tunajaza chemshabongo, mimi nasema, yeye anaandika kwa kalamu yake ya kijani, tunabishana mpaka pasi inapoa, kisha anakata kuponi ya majibu anawatumia. Alipoondoka nikawa najisomea mwenyewe mbele ya kiti chake, najaza kwa kalamu ileile, nafuata mwandiko wake, naweka jina lake, natuma. Sikuona kama ni uongo, niliona kama namshika mkono.

Sasa juzi binti mmoja wa huko kwenu kapiga simu, anasema mume wangu amekuwa Msomaji wa Mwaka kwa kupatia chemshabongo zote, na Jumamosi mnakuja kumpiga picha. Nikamjibu, "Ametoka kidogo." Miaka mitatu, mshauri, ametoka kidogo. Mwanangu alicheka mpaka akalia, akaniuliza, "Mama, kwa hiyo picha utaazima mume wa nani?" Nikisema kweli mtalifuta jina lake na bahasha haitaniita tena, nikinyamaza namdanganya Mungu mchana kweupe. Nishike lipi?

Mshona Mapazia

*

Mama Mapazia, marahaba sitaitikia, umenizidi, kwa hiyo shikamoo. Jibu hili nakuletea nyumbani kabla halijachapwa, maana Jumamosi haitusubiri.

Pole sana. Nimekusoma mara mbili na chai yangu ikapoa kama pasi yako. Sasa nikugombeze kidogo. Kumkumbuka mumeo si kosa, ila umemfanya marehemu awe anatoka na kurudi kama mpangaji. Mpumzishe. Mambo ya Mungu utayamaliza naye mwenyewe. Ya kwetu yamalize kesho asubuhi, umpigie yule binti umwambie ukweli. Hatakula mtu.

Halafu kuna jambo hukulijua. Nilikwenda kwa mama anayepokea majibu ya chemshabongo, mtu asiyetupa jalalani hata bahasha, tukatoa kuponi za mumeo za miaka yote aliyokuwa hai. Mama yangu, hakupatia yote hata mwezi mmoja. Kuponi zisizo na kosa ni za miaka hii mitatu, yaani zako. Msomaji wa Mwaka ni wewe. Jumamosi vaa vizuri, kaa penye meza yako ya pasi, kiti chake kiache kama kilivyo, na chini ya picha litaandikwa jina lako.

Na jina lake litatoka kwenye bahasha. Usininunie. Lile liliandikwa na mashine, kila mwezi, bila kumjua. Mpiga picha atakuletea kuponi moja aliyoijaza mumeo mwenyewe, ukae nayo. Pembeni, kwa wino wa kijani, alituandikia hivi: "Mke wangu anasema namba saba ni KITASA. Mimi naweka KUFULI. Kama amepatia, msimwambie."

Ulipatia, mama.