Nilikataa Matanga Yako Yaondolewe

Yaya,

Nina hasira na wewe, dada yangu. Nianze hapo hapo, maana hukupenda mtu akuzungukie na maneno. "Bahati, sema jambo, usinizungukie kama kuku anatafuta fasi ya kutaga." Basi nasema. Nina hasira na wewe, nina hasira na Mama Solange, na nina hasira na mdomo wangu mwenyewe, uliofunguka siku ya kilio chako kabla kichwa hakijafikiri.

Nakuandikia nikiwa Nyamitanga, hapa Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, nimekaa juu ya rundo la matofali. Ni Jumapili, mjengo umelala. Nabeba simenti na mchanga katika nyumba ya ghorofa ya tajiri mmoja ambaye sijawahi kumwona. Hapa kibarua cha namna hii wanakiita leja-leja: leo upo, kesho hawakujui. Msimamizi hutulipa Jumamosi akitaka, na asipotaka anasema, "Ssebo, pesa bado, bosi yuko Kampala." Bosi huyo anaishi Kampala kila Jumamosi. Mwandiko wangu unaujua. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo usicheke makosa.

Watoto wako wazima. Shukuru ameng'oka meno ya mbele na bado anaringa. Neema amekuwa mrefu, amechukua sauti yako pamoja na vitenge vyako, na ndiye mwenye nyumba sasa kule kambini Nakivale. Nikilipwa, namtumia pesa kwa simu, naye anaigawa pale pale kabla haijapoa. Kwanza unga. Halafu chumvi na makaa. Halafu Salvatori. Sabuni inakuja nyuma ya Salvatori, mafuta nyuma ya sabuni, na sukari tumeisahau ladha. Mwezi uliopita nilimuuliza kwenye simu kama wanapata hata visamaki vya ndagala kidogo vya kutia kwenye majani ya sombe. Akanijibu, "Mjomba, ndagala siku hizi tunataja jina tu, halafu tunakula."

Nilicheka. Baadaye nilienda nyuma ya rundo la mchanga nikakaa huko peke yangu.

Salvatori unamfahamu, Mrundi mwenye duka pale Misiera, yule anayepima maharage huku ameshika kikombe chini kama ameibiwa. Yeye ndiye analima shamba lako la bondeni. Ulimwekea rehani, na masharti yake ulikubali wewe mwenyewe: alime mpaka pesa irudi yote, na anachovuna hakipunguzi deni. Nilipomlalamikia alinijibu bila hata kuacha kupima, "Mavuno ni ya kungoja. Deni ni deni." Sasa sikiliza, Yaya, maana hili ndilo linaloniamsha na hasira kila asubuhi. Neema akitaka maharage, anaenda dukani kwa Salvatori. Maharage hayo yameota kwenye shamba la mama yake. Udongo ule uliulainisha wewe kwa jembe, ukiwa na mimba ya Shukuru. Mtoto wako ananunua kwa vikombe kitu ambacho angekichuma bure, halafu pesa inayobaki nayo inaenda kwa huyo huyo Salvatori. Msaada wa chakula wenyewe umepunguzwa, hilo uliliona kabla hujatuacha. Ningekuwa na akili ya kusoma zaidi ningelipatia jambo hili jina. Mimi naliita kichaa.

Na kichaa kilianzia kaburini.

Wewe ulianguka kwenye foleni ya maji, bidoni lako bado halijafika bombani. Presha haikukupa nafasi ya kuaga. Mimi nilifika kutoka Mbarara nikiwa na simenti kwenye nywele. Tulikuzika, udongo ukasawazishwa, na kabla ya watu kunawa mikono Mzee Rubeni, anayeongoza vilio vya watu wa kwetu, akauliza kama desturi inavyotaka. "Beko na deni ya marehemu, basimame baseme hapa, isije ikasemwa kesho." Unajua kinachofuata. Ndugu anatakiwa amsikilize anayedai, aulize ni kiasi gani, lilitokana na nini, ndipo ajibu. Mimi sikungoja. Nilikuona umelala pale chini, nikaona aibu mtu aseme jina lako pamoja na neno deni. Nikasimama nikasema mbele ya wote, "Miye ndugu yake nitalipa yote."

Salvatori alikuwa bado hajamaliza kunyanyuka. Alikaa tena taratibu, kama mtu aliyewekewa kiti.

Lakini nataka nikuambie juu ya mtu mwingine. Mama Solange, rafiki yako wa chungu kimoja, alilia kuliko sisi wote. Alijitupa chini. "Feza wangu, umeniachia nani!" Walimshika wanawake watatu. Walipogawa vitambaa vyeusi kwa watu wa familia, alinyoosha mkono naye. "Munipe na mimi, sisi tulikuwa wa tumbo moja." Wakamfunga. Ukishafungwa kitambaa kile, unajua, wewe ni mfiwa kamili: nyumbani kwako hakuna ngoma, hakuna sherehe, hakuna mahari kupokelewa, mpaka siku familia itakapokutana kuondoa matanga na kuvua vitambaa pamoja. Nilimshukuru kwa machozi yale, Yaya. Nilimshika mikono nikamshukuru.

Nimelipa karibu mwaka mzima. Nimelala kwenye mjengo ili nisilipe chumba. Nimekula mlo mmoja, muhogo wa kuchoma na maji ya bomba. Nilimwachisha Neema muhula mmoja shuleni, na siku niliyomwambia hakulia, alisema tu, "Sawa, Mjomba," na sawa ile imenikaa kifuani hadi leo. Kila nikifikiri deni limeinama, linainuka. Ndipo siku moja nilimwendea Salvatori kumwomba anirudishie shamba nusu, angalau mistari ya muhogo. Akakataa. Lakini akaweka kikombe chini, akaniambia, "Bahati, mimi nilimkopesha Feza. Lakini pesa haikutoka hapa na Feza. Alimpa mwenzake, palepale ulipo wewe, mwenzake akaenda kununua vitenge vya kuuza. Yule ambaye analia sana."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kilio.

"Mkopo ni wa aliyekopa. Na wewe ulisema yote. Mimi ni nani nikukataze?"

Nilitoka dukani pale Misiera nikaenda moja kwa moja sokoni Base Camp. Mama Solange alikuwepo, nyuma ya vitenge vyake vilivyopangwa rangi kwa rangi, kitambaa chako cheusi mkononi. Ule mtaji ni shamba lako, Yaya. Kila kitenge pale kilikuwa kipande cha bondeni. Nilimuuliza. Akaanza kulia. Akalia vizuri sana, watu wakanitazama mimi kama mimi ndiye mbaya. Nikaondoka na hasira zangu mkononi kama mtu aliyebeba makaa bila koleo.

Ningefanya nini? Mashahidi hakuna, Salvatori hatasimama dhidi ya mteja, na wewe umelala. Nikarudi Mbarara kubeba simenti.

Halafu binti yake, Solange, akapata mchumba. Kijana wa watu wa kwetu, anafanya kazi ya boda Base Camp, mtoto wa heshima. Wazazi wa kijana walitaka kuleta mahari upesi, na Mama Solange hakuweza kuipokea kwa sababu ya kitambaa alichokiomba mwenyewe. Basi Mzee Rubeni akanipigia simu. Matanga yamekaa sana, alisema, mwaka unatimia, njoo tuyaondoe, watu waendelee na maisha. Nikaenda. Nilifika, turubai limetundikwa, pombe ya ndizi iko kwenye bidoni, Mama Solange amesuka nywele tayari, anagawa viti kama mwenye nyumba. Mzee Rubeni akasimama, akauliza kama kuna neno lililobaki kabla hatujavua vitambaa. Hilo nalo ni desturi, na kwa kawaida watu wananyamaza.

Nikasimama. Nikasema, "Neno liko. Matanga ya yaya yangu hayaondolewi leo. Kuna mwenye deni aliyekaa kimya kaburini, na yuko hapa. Siku atakapolisema kwa mdomo wake, tutavua."

Yaya, ungesikia kelele! "Weye kijana, unatuaibisha!" "Marehemu anataka apumzike!" Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti kama kule Mbarara tunakunywa simenti. Mzee Rubeni alinivuta pembeni akaniambia ninamfunga marehemu. Nikamwambia aliyefungwa ni Neema. Lakini matanga ni ya familia, na mwanamume wa familia aliyebaki ni mimi. Hakuna aliyeweza kuvua kabla yangu. Watu walikunywa pombe yao bila furaha, wakaondoka na vitambaa vyao.

Mama Solange alinifuata hadi hapa Nyamitanga. Siku ya kazi, amevaa kitenge kipya, akasimama chini ya jukwaa tunalopandishia simenti akaanza kunitukana kwa Kiswahili chetu, na Wanyankore wote wakaacha kazi kusikiliza kitu wasichokielewa. Eti nina roho ya mchawi. Eti nataka mtoto wake azeekee nyumbani. Nilishuka na mfuko begani nikamwambia neno moja tu: usiseme hapa, sema mbele ya waliosikia nikisema nitalipa yote. Akatema mate chini, akaenda zake. Msimamizi akaniuliza, "Wewe, huyo ni bibi yako?" Wakacheka wote. Hata mimi.

Jumamosi iliyofuata alisema. Nadhani wazazi wa kijana walimwekea siku ya mwisho. Tulikutana tena chini ya turubai lile lile, Salvatori akiwa amekaa nyuma na mikono kwenye mifuko. Mama Solange akasimama. Safari hii hakulia. Akasema pesa aliila yeye, kwamba Salvatori alikataa kumkopesha kwa sababu hana shamba la bondeni, na wewe ukaweka lako. Bibi mmoja akasema nyuma yangu, "Kumbe machozi yote ile ilikuwa ya riba!" Watu wakaguna.

Ningependa niishie hapo, nimeshinda. Lakini aliendelea. Akanigeukia, akasema wewe ndiye uliyemkataza asiseme, watu wasimcheke kwamba mumewe amemwacha bila hata mtaji. Na alipokuuliza, je, ikishindikana? ulimjibu hivi: "Usiogope. Niko na Bahati. Mungu alimunyima kichwa, akamuongezea mabega."

Nilitaka kumwita mwongo. Sikuweza. Maneno hayo ulinipa wewe, njiani, tulipokimbia kutoka kwetu. Nilikuwa mdogo, nimebeba godoro letu, limelowa mvua, linanifunika hadi magoti, na wewe ukacheka katikati ya watu wanaolia, ukaniambia hivyo hivyo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu. Niliyatunza kama zawadi. Nikibeba mfuko wa tatu, wa nne, mgongo ukitaka kukatika, ndiyo maneno ninayojiambia.

Kumbe uliyaweka rehani nayo.

Ungeniuliza, Yaya! Simu nilikuwa nayo. Ningesema ndiyo, unajua ningesema ndiyo, ningenung'unika kidogo halafu ningesema ndiyo. Lakini kuulizwa ni kitu. Mtu anayebeba ana haki ya kujua amebeba nini. Wewe ulimwonea huruma rafiki yako ukamwonea haya, na mimi hukunionea hata kimoja. Nimelia na hasira hii wiki nzima na sijui niipeleke wapi, ndiyo maana naiandika.

Wazee waliamua. Sehemu ya mahari ya Solange imeenda kwa Salvatori, na kilichobaki Mama Solange atalipa kwa vitenge, mbele ya Mzee Rubeni, kila mwisho wa mwezi. Salvatori alisema avune maharage yaliyoko shambani kwanza. Huyo hata kaburini atapima kikombe. Lakini akishavuna, shamba linarudi, asingoje pesa ya vitenge. Neema atapanda muhogo na maharage yetu wenyewe, na muhula ujao anarudi shuleni, hilo nimekwisha kulilipia.

Ahadi yangu ni hii. Watoto wako hawatalala njaa wakati mimi ninaweza kuinua mfuko. Lakini sitasema tena "yote" kabla sijauliza "yapi", hata kwa ajili yako. Na Neema nimemfundisha: mtu akija kukopa kwa jina la mjomba wake, ampigie mjomba wake kwanza.

Matanga yako tuliyaondoa jioni ile. Watu walivua vitambaa, Mama Solange akakivua chake haraka kama kinamwunguza, na wakavitupa motoni. Mimi changu sikukitupa. Nimekikunja mara nne, nakiweka begani chini ya mfuko wa simenti. Kinazuia kuchubuka.

Pumzika sasa, Yaya. Hakuna anayekudai.

Mdogo wako,
Bahati