Uzi wa Kupimia Bodi

6 Februari

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Natumaini unakula, maana barua yako ya mwisho ilisomeka kama ya mtu mwenye njaa. Mimi mzima, ila goti la klachi linanisumbua asubuhi. Mgonjwa hasa ni mke mwenzangu.

Usicheke. Baba yako aliipenda pikapu ile hadi akawa anaiaga kabla ya kuniaga mimi, nami nikaipa jina hilo kwa wivu. Sasa yeye hayupo, tumebaki wajane wawili na mmoja wetu anaoza. Sakafu imetoboka karibu na breki. Juzi nikipeleka kabati niliiona barabara ikipita chini ya mguu wangu. Nimeziba kwa ubao, lakini dereva anayeendesha huku anachungulia chini hafiki mbali.

Maseremala wa mtaa wetu hawana mwingine wa kuwabebea. Nikisimama mimi, kesho watamtafuta mtu wa lori, na mtu wa lori akishaingia hatoki. Kwa hiyo nataka pikapu mpya. Mwaka wa tatu huu naifukuza bei. Nikifika pale nilipoambiwa nifike, nakuta imeshahama. Muuzaji wa hapa ananiambia, "Mama, za siku hizi zina skrini." Nikamuuliza skrini inabeba kitanda? Akanionyesha mahali pa kuwekea kikombe.

Wewe unaziuza huko jijini. Niambie kuna nini ndani yake hata zipande hivi. Unijibu kwa barua. Kwenye simu kila siku una mteja mbele yako.

Ni mimi,
Mama yako


19 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nilipewa na dereva wa basi, naye akaniambia umepungua. Mimi sijambo, ila nimehama chumba tena. Kile cha kwanza kilikuwa na kelele, hiki kina kimya, na kimya chenyewe ndicho kinaninyima usingizi. Sijui nataka nini.

Umeuliza kuna nini ndani. Mama, kuna kila kitu isipokuwa mzigo. Viti vya ngozi, kamera ya nyuma, usukani unaopata joto. Wiki iliyopita daktari wa meno alinunua moja kubwa kupita zote, akauliza kama tunaweza kumwekea zulia kwenye bodi, pale nyuma pa kubebea mzigo. Nikamjibu inawezekana kabisa, mheshimiwa. Nilisema hivyo nikitabasamu, kisha nikaenda msalani kunawa uso. Watu wa aina hiyo ndio wanaopandisha bei. Wananunua pikapu ili waonekane wana kazi ngumu, na wenye kazi ngumu wanabaki wakiangalia kupitia kioo.

Sasa sikiliza. Bei inapanda tena mwezi wa nne. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kuagiza moja kwa bei ya sasa, na sehemu kubwa nitakatwa kwenye mshahara. Wewe utatoa kianzio tu, ukimuuza mke mwenzako utakipata. Lakini Mama, na mimi niseme langu. Ungeweza pia kupumzika. Umri huo watu wanalea wajukuu.

Ni mimi,
Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kutosha kukujibu.

Wajukuu gani? Nionyeshe hata mmoja niache usukani leo hii. Nilijaribu kupumzika baada ya msiba wa baba yako. Nilifagia uwanja hadi nikafikia udongo mwekundu. Jirani akaniomba nirudi barabarani kwa faida ya uwanja. Mwanangu, mimi nikikaa nasikia nyumba nzima ikiniuliza yuko wapi. Nikiendesha, naye yuko pale pembeni ananisahihisha gia. Usinipumzishe.

Hiyo pikapu naitaka, ila sinunui kwa macho. Ndani ya bahasha hii kuna uzi. Unakumbuka ule ufito uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa seremala mkuu? Baba yako aliukata kwa urefu wa bodi ya mke mwenzangu, na tangu siku hiyo mtaa mzima unapima kwa huo. Kitanda kisizidi ufito, kabati lisizidi ufito. Ndiyo sababu sijawahi kurudisha mzigo. Uzi huu nimeukata sawasawa na ufito. Utandike ndani ya bodi ya hiyo mpya. Ukitosha, namuuza mke mwenzangu wiki hiyohiyo. Usipotosha, tuachane nayo, nitaendelea kuchungulia barabara.

Tena uilete mwenyewe. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa. Chumba chako kipo, hakina kelele wala kimya, kina kuku wa jirani.

Ni mimi,
Mama


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, mbio tu.

Uzi umetosha! Umetosha na kiganja kimebaki. Niliutandika leo kwenye ile iliyopo jukwaani dukani. Mke na mume walikuwa wameketi nyuma wanapigwa picha, nikawaomba wanyanyue miguu kidogo nipitishe uzi wa mama yangu. Meneja alinitazama kama nimerukwa na akili. Nilifurahi, Mama, sikumbuki lini nilifurahi hivyo dukani.

Muuze mke mwenzako. Nimeshatia saini, yako ni nyeupe. Ila kuja siwezi. Mwisho wa mwezi ndipo tunapouza sana, na meneja anahesabu vichwa. Dereva wetu ataileta, mtu mzuri, mpe chai. Nitakuja baadaye kidogo, mambo yakitulia.

Ni mimi mwanao,
ninayekupenda


3 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nilizipata. Mimi mzima wa mwili.

Gari lilifika likimetameta. Mtaa wote ulitoka. Dereva wako nikampa chai, akanifundisha vitufe, akaondoka. Mke mwenzangu nilikuwa nimeshamuuza kwa muuza matofali wa ng'ambo ya mto. Alipoondoka naye nilisimama barabarani mpaka moshi ukaisha. Nikajiambia, haya, mwanangu kanifikiria.

Jana maseremala wakapakia kabati la kwanza. Lilikuwa la kipimo, la ufito. Wakasukuma, likagota. Wakalitoa, wakaligeuza, likagota tena. Mlango wa nyuma haufungi. Unabaki umening'inia kama ulimi, na kabati limelala juu yake nusu nje.   Seremala mkuu akaenda kuleta ufito, akaulaza ndani ya bodi. Ukapita ukingo kwa mkono mzima.

Nilikaa nikifikiri, nikaikumbuka barua yako. Mke na mume wameketi nyuma wanapigwa picha. Wameketi juu ya nini, mwanangu? Juu ya mlango ulioshushwa! Huko kwenu unakaa umeshushwa kutwa nzima ili watu wapumzishe makalio, nawe ukapima na mlango wenyewe.

Ungekuwa mtoto wa mwingine ningenyamaza. Lakini wewe ni mtoto wa mtu aliyekaa nyuma ameshikilia kabati, mlango ukiwa wazi, tukapanda kilima, kabati likateleza likaondoka na mguu wake. Wewe ndiye uliyekuwa unamletea fimbo yake kila asubuhi. Yeye ndiye aliyesema mzigo usiofungiwa mlango ni mali ya barabara. Ukausahau mguu wa baba yako?

Au hukusahau. Ulitaka nipumzike, na sasa nimepumzika. Umenipa gari la kwendea harusini. Kila ukishindwa kuja unatuma kitu, na safari hii umetuma kikubwa. Ungekuja nalo, ungekuwa hapa mlango ulipokataa kufunga.

Mama


9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Naapa sikukusudia. Baada ya barua yako nilikwenda jukwaani, nikaufunga ule mlango kwa mikono yangu, mara ya kwanza tangu nianze kazi pale. Nikatandika uzi. Nikakaa chini mbele ya wateja. Miaka yote hii nauza pikapu na sijawahi kuona moja imefungwa nyuma. Na mguu wa Baba sijausahau. Ndio unaonifanya nisije. Nikiingia mlangoni nitaikuta ile fimbo.

Nimempigia simu muuza matofali nimnunue mke mwenzako. Anacheka. Anasema za zamani nazo zimepanda, kwa kuwa mpya hazishikiki, na anataka karibu mara mbili ya alichokupa. Nimemsihi, akaniambia chuma kama kile hakiuzwi, kinarithiwa.

Nitatafuta njia. Ila nakuomba kitu kimoja: usiliguse gari. Usitoboe, usichomelee, usikate. Waranti ikifutika, kitu chochote kikiharibika ni juu yetu. Liache hivyo lilivyo mpaka nikwambie.

Mwanao


28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu, na simu hupokei. Nimemuuliza dereva wa basi kila Jumatatu, anatikisa kichwa.

Huku bei imepanda kama walivyosema, na watu wamejaa dukani kuliko jana. Nauza, lakini kila ninapomkabidhi mtu funguo namwuliza atabeba nini. Meneja ameniita ofisini akaniambia niache kuwahoji wateja.

Leo huyo dereva wa basi amefungua mdomo. Anasema alipita sokoni akaliona gari jeupe ndani ya karakana ya fundi wa kuchomelea, na cheche zinaruka. Nikamwambia labda ni la mwingine. Akasema, "Mama yako alikuwa amesimama pembeni na ufito mkononi."

Mama, tafadhali. Nijibu hata kwa kunitukana.

Mwanao


7 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote nilizokunyima, zipokee leo kwa pamoja. Mimi mzima. Goti limepona, maana gari lako halina klachi kabisa. Hilo nalikubali.

Ndiyo, nililikata. Barua yako ya usiguse ilifika nimeshamlipa fundi nusu, na fundi wa hapa harudishi. Masikini wa watu. Mara tatu aliwasha, mara tatu akazima, akaniuliza, "Mama, una uhakika? Hili bado lina nailoni kwenye viti." Nikamwambia nailoni haiko nyuma, kata. Akaing'oa ile bodi nzima ya kung'aa, akajenga fremu ya chuma kwa kipimo cha ufito. Maseremala wakaweka sakafu ya mbao na mbavu za pembeni, kila mmoja akatoa ubao wake bure. Mkuu mwenyewe alitengeneza mlango wa nyuma, na makomeo mawili. Ukiliona mbele ni la daktari wa meno, ukiliona nyuma ni letu. Watoto wa shule wanaliita Nusu kwa Nusu.

Jana tulipakia lile kabati. Liliingia, likatulia. Nilipofunga komeo la pili nililia mbele za watu, na sikuona haya. Tukapanda kilima kilekile. Baba yako hakusema neno la gia, maana gari linajibadilishia gia lenyewe kabla sijagusa kitu. Nadhani ameona wivu.

Ile bodi yako tumeiweka mbele ya karakana ya maseremala, mlango umeshushwa na mto juu yake. Wateja wanakaa hapo wakisubiri vitanda vyao. Kwa hiyo na sisi tuna jukwaa.

Nilisema maneno makali. Mengine nayarudia, hilo la kwamba ulikusudia nalifuta. Na fimbo ya baba yako haipo tena mlangoni. Nilimpa seremala mkuu, akaikata, ndiyo mpini wa komeo. Kwa hiyo hiyo sababu yako imeisha.

Kitu kimoja kinanikera. Gari hili lina viti vitano. Mimi nakalia kimoja, na vinne naviona kwenye kioo vikinitazama tangu asubuhi. Jumamosi napeleka kitanda na kabati mbali kidogo, upande wa pili wa kilima.

Ni mimi,
Mama yako


12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, leo nasema kweli.

Nimeomba likizo. Meneja amenuna, akauliza naenda wapi wakati bei ni moto namna hii. Nimemwambia naenda kuona pikapu.

Nitapanda basi la Ijumaa, na uzi wako ninao mfukoni. Jumamosi mpakie yote, lakini unisubiri. Ule mlango wa nyuma nataka niufunge mimi.

Mwanao